Tulivyokwenda Kupima Upya Ardhi ya Shemeji Anton

Wenzangu wa kwaya, mkikuta neno limekosa herufi, iongezeni wenyewe. Mkikuta mistari imelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, jueni nimeandikia magotini, na mkono wangu ni wa darasa la saba, tena wa polepole. Kila Jumapili mnaniuliza ilikuwaje huko, na kila Jumapili nainamisha kichwa nacheka. Mbele ya watu maneno hunikimbia. Nimeona heri niandike, msome mkiwa kwenu, msiniangalie usoni.

Namna nilivyopata nafasi katika gari la wapimaji nairuka. Inatosha kwamba mtaalamu alikuwa mwanamke, naye alitaka msichana anayejua Kimatengo wa kuongozana naye. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda, na mnaijua. Kiangazi kilichopita ile ndege ndogo ilipita chini chini juu ya mashamba yetu ikipima mionzi ya ardhini. Baadaye mtu akapiga picha ramani yake ukutani, picha ikazunguka kwenye simu. Huku Maguu palikuwa pa njano. Kule mbele ya Liparamba, alikoolewa dada yangu Vero, palikuwa pekundu kama damu ya kuku.

Baba hakusubiri maelezo. Alimwita Vero arudi na mtoto wake, Salome, ambaye alikuwa bado hajaota jino. "Mjukuu wangu hatalala juu ya sumu," alisema. Vero akarudi. Mumewe, shemeji Anton, akabaki peke yake. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Vero alikuwa akinyonyesha huku ameangalia barabara.

Siku ya kuondoka Baba aliniambia, "Editha, sitaki hadithi. Uniletee neno moja. Ipo au haipo."

Maguu hadi Mbinga

Mtaalamu anaitwa Zuhura, kwao Singida. Nilitegemea mtu mzima mwenye miwani. Nikakuta dada mwembamba, amefunga kilemba, anakula karanga mbichi kutoka mfukoni. Dereva ni kaka Festo, mtu wa Songea, mdomo wake haupumziki.

"Huyu ndiye mkalimani?" Festo aliuliza. "Mbona hajasema hata neno moja? Atatafsiri kwa kope?"

Dada Zuhura akamwambia aniache, nikamshukuru moyoni.

Kisanduku cha mashine kilikuwa cha njano, kigumu, nikakipakata. Njiani nilijilazimisha kuuliza swali langu la kwanza: kama ndege ilishapima, sisi tunapima nini tena?

Alinijibu bila kuharakisha. Alisema ndege husikia ardhi kutoka juu, na hewa iliyo katikati hupunguza kile inachosikia. Kwa hiyo namba za ndege hurekebishwa. Huchaguliwa shamba moja, watu wanalipima kwa mkono, ndege inapita juu ya hapo hapo, halafu wanalinganisha. Kinachopatikana pale ndicho kinachotumika kusahihisha nchi yote.

"Sasa namba za marekebisho zinanikera," alisema. "Ramani nzima imepanda kuliko inavyotakiwa. Ni kama mwenye duka ana debe lililobonyea. Hakosei kwa mteja mmoja, anakosea kwa wote. Natafuta wapi debe limebonyea."

Nilitaka kumwambia habari za Vero. Nikafungua mdomo, Festo akapiga honi kuwafukuza mbuzi, nikaufunga.

Mvua ya Kingerikiti

Lile shamba la kulinganishia liko kwenye mteremko mrefu upande wa Kingerikiti. Tulifika pamoja na mvua. Nilidhani tutapima ikikatika, kumbe sivyo. Dada Zuhura alisema mvua huteremsha vitu vilivyokuwa hewani, kipimo kikapanda kwa muda bila ardhi kuwa na kosa. Halafu udongo ukilowa sana nao huficha kilicho chini yake. Ni lazima kungoja.

Tukangoja. Tulikaribishwa nyumba moja ya kando ya barabara, tukapewa togwa ya moto na ugali kwa majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Dada Zuhura aliila ile mboga mpaka akaomba sufuria aikwangue, na mama mwenye nyumba akampenda tangu hapo.

Mvua ilipopungua nikaona kina mama wanakuja, wa kwanza, wa tatu, wa sita, wamebeba watoto mgongoni, na kadi za kliniki mikononi ndani ya mifuko ya nailoni. Wakapanga foleni barazani. Wakakitazama kisanduku cha njano.

"Shikamooni," nilisema. "Mmekuja kwa…?"

"Chanjo," alisema wa mbele. "Si ndilo lile sanduku lenye barafu?"

Festo akaenda nyuma ya nyumba kucheka. Mimi ikabidi nieleze kwa Kimatengo kwamba hii ni mashine ya kupimia ardhi.

"Hamchanji?"

"Hatuchanji, mama."

"Wala uzito hampimi?"

"Wala uzito."

Akanitazama, akatazama shamba lililolowa. "Kwani ardhi inaumwa?"

Nikatafsiri. Dada Zuhura hakucheka. Akasema, "Mwambie ndivyo watu wanavyosema. Na mimi nimekuja kuangalia kama ni kweli." Alimpokea yule mama mtoto wake ili amfunge vizuri mgongoni, akambeba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilipomwona anavyomnusa mtoto yule utosini, nikamwambia habari zote: Vero, Anton, Baba, na lile neno moja.

"Kwa hiyo nikipima kwa shemeji yako utataka nikuambie papo hapo," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Sitakuambia papo hapo. Mpaka nimepima ziwa."

Sikuelewa ziwa linahusika vipi. Niliona haya kuuliza.

Shamba la Bibi Kolumba

Jua liliwaka siku moja na nusu ndipo dada Zuhura akaridhika na udongo. Mwenye shamba ni Bibi Kolumba, mjane, mfupi, amevaa sweta la shule la mjukuu wake. Shamba lake lote ni ngoro, kama ya kwetu: mashimo yaliyopangana mteremko mzima, na matuta yanayoyazunguka. Maharage yalikuwa juu ya matuta, ndiyo kwanza yanatoa maua.

Nilipewa mashine niiweke pale nitakapoonyeshwa. Dada Zuhura akanyoosha kidole, "Pale." Nikaenda, nikashuka ndani ya shimo, nikaiweka chini, nikatoka. "Na pale." Nikashuka tena shimoni. Sikufikiri chochote. Nani kati yenu aliyelelewa huku angekanyaga tuta lenye maharage yanayotoa maua? Tangu tunatambaa tunapigwa kwa hilo.

Mara ya tatu dada Zuhura aliniita. "Editha, kwa nini unashuka kila mara?"

"Juu kuna maharage, dada."

Bibi Kolumba, aliyekuwa amekaa pembeni akiianika miguu yake juani, akadakia. "Mtoto ana adabu huyu. Hata wale vijana wa kwanza, waliokuja siku za ndege, niliwaambia hivyo hivyo. Kanyageni chini, tuta ni chakula. Wakapima chini, vijana wazuri, wakanisaidia na kuni."

"Wote walipima mashimoni, bibi? Shamba zima?"

"Ulitaka wapande juu ya maharage yangu?"

Dada Zuhura akakaa chini pale pale alipokuwa, kwenye majani, akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, na Bibi Kolumba akadhani hivyo hivyo, maana alimwambia, "Pole, mwanangu, kwani amekufa nani?" Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Akatueleza wote watatu. Mashine ikiwa uwanjani, ardhi iko chini yake tu. Ikiwa shimoni, ardhi iko chini na pande zote. Ni kama kuota moto kwa mbali na kukaa katikati ya mafiga. Vijana wale walileta namba kubwa bila kosa la kusoma, kisha namba za ndege zikavutwa juu zifanane na za shimoni, Ruvuma nzima ikapanda. Mwenzake wa ofisini anayerekebisha namba za ndege asingeweza kujua, maana picha za shamba zilionyesha maharage tu.

"Basi ni mimi niliyechafua ramani yenu," alisema Bibi Kolumba, na kwa mara ya kwanza sura yake iliingiwa na hofu.

"Hapana, bibi. Ni sisi tuliokuja kupima shamba bila kumuuliza mwenye shamba linalimwaje."

"Sasa mtakanyaga?"

Dada Zuhura alimtazama, akatazama maharage. "Nikiruhusiwa."

Bibi alifikiri. Upepo ulipita. "Vueni viatu," akasema. "Na mtangulie mguu huu, hivi, kwa ubavu."

Tukavua. Bibi Kolumba mbele, dada Zuhura katikati, mimi na mashine nyuma, tukatembea juu ya matuta kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Tulipima juu ya tuta, tukapima shimoni, tukapima tena nikiwa nimeishika kiunoni ili ione yote kwa pamoja kama ndege ilivyoona. Festo alijaribu kufuata, akaangusha mashina mawili, akafukuzwa shambani kwa Kimatengo. Hakuomba tafsiri.

Kwa shemeji

Kuelekea Liparamba barabara ilikuwa imeliwa na maji. Tulikwama, tukachimbua, tukakwama tena. Nilikuwa na furaha kwa sababu ya debe lililobonyea, lakini dada Zuhura alinionya: kushuka kwa ramani nzima hakumaanishi kila mahali patakuwa njano. Mawe ya kule ni tofauti na ya kwetu. Huenda pakabaki pekundu.

Shemeji Anton alikuwa barazani. Amekonda. Aliponiona alisimama, akatazama nyuma yangu, kwenye gari, akatafuta. Nikajua anamtafuta nani.

"Nimekuja peke yangu, shemeji."

"Karibu, shemeji. Karibuni." Akafuta kigoda ambacho hakikuwa na vumbi. "Salome?"

"Ameota jino. La chini."

"La chini," akarudia. Akaingia ndani akakaa huko kidogo, kisha akatoka na ndizi.

Majirani walikusanyika mbali, hawakuja karibu. Nilisikia mtu akisema tumekuja kuweka alama za kuwahamisha. Anton aliwajibu kwa sauti, "Acheni wapime! Mimi ndiye wa kwanza!" Halafu akatuita ndani tuone.

Wenzangu, yule mtu alikuwa ameng'oa sakafu yote. Alichimba udongo wa zamani mpaka magotini, akautupa. Akaenda kuchukua mwingine upande wa pili wa kilima, kwa baiskeli, kiroba baada ya kiroba, akaushindilia, akausiriba mpaka ukang'aa. Ukutani kulikuwa na mstari mahali sakafu ya zamani ilipoishia.

"Nilifikiri sumu ikiwa ardhini, nitaitoa," alisema. "Mtoto akirudi asiikute."

Dada Zuhura aliweka mashine katikati ya chumba. Tukaingoja isome. Kisha akapima nje, kisimani, na chini ya mgomba. Akaandika.

"Vipi?" Anton aliuliza.

"Ndani na nje ni sawa."

Anton akashika mlango. "Kwa hiyo nimechimba bure."

"Hujachimba bure, kaka. Sakafu hii haina hata ufa. Mtoto atatambaa bila vumbi." Akafunga kisanduku. "Jibu lenyewe nitampa Editha tukitoka ziwani. Nikisema sasa nitakuwa nimekupa namba yenye vitu vingine ndani yake. Siyo ya ardhi yako peke yake."

Anton alikubali kwa kichwa kama mtu aliyezoea kungoja. Tulipoondoka alinipa ndizi nyingine, mbivu kabisa, akasema ni za Vero. Akaita gari lisimame, akasema mwambie nimekula vizuri. Nikamwambia nitamwambia, na wote wawili tulijua kwamba hakula vizuri.

Juu ya maji

Mbamba Bay tulikula ugali wa muhogo kwa samaki mbasa aliyechemshwa na nyanya. Ule ugali unanata, nikawa naumeza kwa kupigana nao. Mwenye mtumbwi wa injini, Mzee Alfredi, Mnyasa, alikuwa akinitazama.

"Binti wa mlimani huyu," alisema. "Wamatengo mnalima mpaka juu ya mwamba, lakini ugali wa wanaume unawashinda."

Nilipoona mtumbwi wenyewe ndipo nilipojua kuna kingine kitakachonishinda. Sijui kuogelea. Nilikalia ubao wa katikati, nikaushika kwa mikono yote miwili.

"Shika vizuri, usije ukaliangusha ziwa," Mzee Alfredi alinitania. Kisha, kwa upole, akanivika boya lake mwenyewe.

Dada Zuhura alimwomba atupeleke mbali na nchi kavu, kwenye kina kirefu, mahali pasipo na kitu. Mzee alichukia.

"Pasipo na kitu? Mama, ziwa hili limenisomeshea watoto. Onyesha wewe pasipo na kitu."

"Samahani, baba. Pasipo na ardhi karibu."

"Hapo sawa."

Tulikwenda mpaka milima ya kwetu ikawa ya bluu. Akazima injini. Kukawa kimya, ni maji tu yakipiga ubao. Dada Zuhura akawasha mashine, nami nikasahau woga kwa kutazama namba zinavyoshuka. Zilishuka, zikashuka, zikakaa. Hazikufika sifuri.

"Maji ni mazito, yamefunika ardhi yote iliyo chini," alinieleza. "Kinachobaki hapa kinatoka angani, na kwenye hewa, na kwenye mashine yenyewe. Hiki hakina uhusiano na shemeji yako. Nilikuwa nambebesha, sasa namtua."

Akafanya hesabu pale pale, mtumbwi ukiyumba, karanga mdomoni. Alirudia mara mbili. Nilikuwa naangalia midomo yake.

"Ardhi ya Anton ina zaidi ya ile ya shamba la Bibi Kolumba," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini siyo nyekundu. Watu wanaishi na kuzeeka kwenye ardhi kama ile, wengi tu. Sumu haipo pale."

"Kwa hiyo nimwambie Baba haipo?"

"Mionzi ipo, Editha. Ipo kila mahali. Hata kwenye zile ndizi."

Nikaona safari yangu yote imeharibika. Neno moja nililotaka kumpelekea Baba lilikuwa "haipo", na sasa sikuwa nalo. Tukarudi mpaka karibu na ufuko. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo hata Mzee Alfredi aligeuka, "Dada, tupite Maguu. Upime uani kwetu, mbele ya Baba."

"Siyo njia yetu," alisema Festo, aliyekuwa akitungoja ufukweni, nilipolirudia mbele yake.

"Najua," nikamwambia. "Twende."

Nyumbani

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani. Vero amesimama mlangoni na Salome mkononi. Tulisalimiana, dada Zuhura akampa shikamoo yake, maji yakaletwa. Baba hakungoja tuyanywe.

"Haya, Editha. Ipo au haipo?"

"Ipo, Baba."

Vero aliangalia chini.

"Na hapo ulipokaa ipo," nikasema.

Baba akasimama kana kwamba kiti kimemng'ata. Dada Zuhura akakisogeza kiti. Aliweka mashine pale kiti kilipokuwa, tukangoja. Kisha akamwonyesha Baba namba, akaondoa ile ya ziwani mbele yake, akamwonyesha na ya kwa Anton. Baba anajua kusoma namba. Alizitazama muda mrefu, mara hii, mara ile.

"Ya kule imezidi."

"Imezidi kidogo, baba."

"Kidogo si hapana."

"Si hapana," alikubali. "Lakini na hii ya kwako si hapana, na umewalea hapa wote hawa."

Baba alimgeukia. "Wewe una mtoto?"

"Ninaye, wa kike. Yuko kwa mama yangu, Singida, penye mawe matupu. Nilipima chumba anacholala, kabla sijaja huku. Namba yake ni kubwa kuliko hizi mbili." Akaizima mashine. "Kila usiku nikipiga simu naambiwa ameshalala. Ningekuwa na njia, ningelala naye hapo hapo juu ya hiyo namba."

Baba alimwendea Vero, akamchukua Salome, akamshika kwa mikono yote miwili akamtazama, na Salome akamwonyesha lile jino. Kisha Baba akamuuliza Festo, bila kumtazama, "Gari lenu lina nafasi ya watu wangapi?"

Vero aliingia ndani akatoka na furushi. Lilikuwa limefungwa tayari. Mama aliniambia baadaye kwamba lilifungwa siku ile ile tuliyoondoka, likakaa nyuma ya mlango.

Baba alilibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Alimwambia Festo aende polepole, akamwambia tena, na gari lilipoanza kutembea akatembea nalo hatua kadhaa, mkono juu ya dirisha, kama anayezuia na kusukuma kwa wakati mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Ramani iliyosahihishwa bado haijabandikwa, nayo ile picha ya kwanza nasikia inaendelea kuzunguka. Kama iko kwenye simu zenu, nawaomba msiitume kwa mtu mwingine. Na kama kwenu kuna aliyerudishwa nyumbani kwa ajili yake, au posa iliyovunjwa, au mzee aliyekataa kula mahindi ya mwanawe, niandikieni. Niandikieni jina la kitongoji na jina la mtu, hata kwa penseli, mpeni mwenzetu Fabiola aniletee siku ya mazoezi. Dada Zuhura ameniachia anwani yake, nami nitayaandika yote kumpelekea. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu kila mmoja.